Kuwekewa Bai

Kiingereza changu cha kwanza cha maana nilikipatia Doha, kwenye meza ya askari wa jengo la maduka, na kilikuwa na kitenzi kimoja: "found". Tena kwa sura moja tu, "was found". "Door was found open." "Tap was found running." "Guard was found sleeping." Kiswahili kingetutaka tuchague: mlango umekutwa, bangili imeokotwa, jamaa kabambwa. Kwa kitabu cha ripoti kampuni ilitupa neno moja la kazi zote, kama kile kisu cha chumbani kwetu kilichokata vitunguu, kikafungua makopo na kukaza skrubu za kitanda.

Uzuri wake ni kwamba halikumtaja mtu. Mlango umekutwa wazi. Nani kauacha, nani kauona, Mungu anajua. Ukitaka kumtaja sharti uongeze "by" na jina mbele yake, na hilo hakuna askari aliyelifanya. Tuliliita kuwekewa bai. Mtu akikosa basi la kutoka Sanaiya, kule kambini, alifika akitweta na ombi moja: "Wakuu, msiniwekee bai." Hatukumwekea. Watanzania, Wakenya, Waganda, sote tuliishi kwa amani ndani ya sentensi zisizo na mwenyewe.

Mwenzangu wa mezani alikuwa Mkenya, mtu wa kanisa. Ijumaa yake ya mapumziko ilikuwa ya makanisa ya Mesaimeer. Yangu, nikishasali, ilikuwa ya maduka ya Najma, kubishania bei ya viatu nisivyokusudia kununua. Yeye aliandika kwa sababu ana mwandiko. Mimi nilihesabu funguo, mara mbili, maana hesabu ya kwanza siiamini hata ikiwa yangu.

Asubuhi moja dada wa usafi, mtu wa Tanga, alituletea bangili ya dhahabu aliyoizungushia karatasi ya kufutia mikono. Kaikuta juu ya bomba la kutawadhia, kwenye chumba cha wanawake cha kusalia. Mwenzangu akaandika kama kawaida: "One gold bangle was found." Mchana mwenyewe akaja, mama wa Kiqatari, akaivaa palepale, akauliza ni nani aliyeiona. Meneja wa jengo akafungua kitabu chetu. Hamna mtu. Akajibu kwamba hiyo ni kazi ya timu nzima. Mama akaiachia timu nzima boksi la tende.

Jioni yule dada akasimama mbele ya meza. Tende hakuzitazama.

"Kaka, mmeniandika?"

"Imeandikwa, dada."

"Sijauliza bangili. Nimeuliza mimi."

Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule. Kampuni yake ya usafi ilikuwa inachagua nani abaki na nani apandishwe ndege, na dawa za mama yake kule Tanga zilitoka kwenye mshahara huohuo. Neno la meneja wa jengo lingemwokoa. Lakini meneja hawezi kumsemea mtu asiyemjua.

"Buda, wacha," mwenzangu akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lifti. "Leo ukimwekea bai ya bangili, kesho pete ikipotea huko ndani, wa kwanza kuitwa ni yeye. Utakuwa umemchoma."

"Waniite!" dada akasema. "Nitakwenda kwa miguu yangu. Nyie bai mnaiogopa kwa kuwa mnalala kazini. Mimi silali."

Mkenya akakuna kidevu. "Huyu sasa ametuwekea bai sisi wote."

Nikabeba kitabu hadi kwa supavaiza wetu, Mhindi wa Kerala, ambaye bila saini yake ripoti haiongezwi neno. Tulizungumza Kiingereza cha Doha, kile kisicho na jana wala kesho. Nikaanzia juu, kama sokoni: jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Akakataa, mtu wa kampuni nyingine jina lake haliingii kitabuni mwetu. Nikashuka: jina la kwanza tu. Akakataa. Yeye akatoa "by cleaning staff".

"Rafiki yangu, hao ni wengi kama njiwa wa pale sokoni Souq. Hapo hujanipa kitu."

Nikafunga kitabu, nikaondoka. Najma ukiondoka hivyo unaitwa kabla hujavuka kizingiti. Huyu hakuniita. Nikafika kwenye lifti, nikasubiri, nikarudi mwenyewe.

Tukakubaliana hivi: "by the cleaner, ladies' prayer room, morning". Supavaiza akaisoma, akatafuta jina, asilione, akasaini. Alisahau jambo moja: asubuhi, chumba kile kilikuwa na msafishaji mmoja. Nikayahesabu maneno mara mbili nisije nikawa nimepunjwa. Mwenzangu akayanakili chini ya ripoti, herufi zimenyooka kama za cheti cha ndoa, huku akinuna.

Kesho yake tukampelekea meneja kitabu. Akasoma, akashuka ghorofa ya chini, akamkuta dada na ndoo yake, akamuuliza jina.

Kabla mwezi haujaisha dada alikuja mezani na barua ya kampuni yake. "Nisomee."

Nikamsomea: "Your contract has been renewed." Nikamwambia mkataba umeongezwa.

Akakaa kwanza kwenye kiti cha wageni, ambacho wasafishaji hawakuruhusiwa kukikalia. Hatukumwondoa. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Umeongezwa na nani?"

"Hawakuandika."

"Kumbe na wakubwa wanaogopa bai," akasema, akaichukua ndoo yake.

Leo niko Dar, na jioni ya joto naikumbuka meza ile: baridi ya kiyoyozi shingoni, udi wa wateja wakipita, chai ya karaki kwenye kikombe cha karatasi, na Mkenya akiniuliza "found" ina o ngapi wakati anajua. Sijui vitabu vile viko wapi sasa. Tulivijaza kwa miaka, na bai iliyomo ni moja.