Mchana Gari, Usiku Nyumba

Kombi yetu ilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo na mapazia ya maua. Mume wangu aliinunua Lamadi kwa wazungu wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wakiizunguka Afrika wakagombana kabla hawajaimaliza. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, pamba ilipoachiwa watu binafsi kununua, naye alikuwa wakala wa wanunuzi hapa Bariadi. Mwenye hela mpya hakosi kununua kitu asichokihitaji. Majirani walikuja kwa zamu kuiona sinki.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya Lushoto, na aliyetupeleka huko ni mama yangu. Marehemu baba aliwahi kupelekwa Lushoto kwa mafunzo ya ushirika, akarudi kijijini kwetu Ipililo na hadithi ambayo hakuichoka mpaka anaingia kaburini: kwamba huko milimani kuna genge la jabali, ukisimama juu yake mawingu yako chini ya miguu yako. Kijiji kizima kilimcheka. Mama hakumcheka, ila hakumwamini pia, na tangu tumzike jambo hilo lilikuwa linamkera. Alitaka kwenda kuona kwa macho yake kama mume wake alikuwa mwongo.

Sasa, kwetu Usukumani mama mkwe na mkwewe wa kiume hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kugusana ndiyo kabisa haifikiriki. Hapo hapana chuki, ndivyo wanavyoheshimiana. Mimi niliyepanga safari sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mama ndiye aliyeizunguka kombi, akachungulia kitanda, kisha akatoa hukumu: mchana ni gari, usiku ni nyumba.

Basi mchana alipanda na kukaa kiti cha nyuma kabisa, pazia limevutwa katikati, mume wangu akiendesha bila kutupia jicho kioo cha ndani. Usiku mimi na mama tulilala kwenye kombi, mume wangu akalala gesti. Maneno yao yote yalipitia kwangu. Nimwambie mama kuna shimo mbele, ashike kiti. Nimwambie huyo kijana apunguze mwendo, hatubebi marobota ya pamba. Na wote wawili walikuwa wanasikia vizuri tu. Singida, Babati, Same, tulikwenda hivyo, na njiani nilikuwa nacheka.

Lushoto kicheko kiliniisha. Tuliegesha kwenye uwanja wa hoteli moja ambako watalii huweka magari na mahema yao, na vyumba vilikuwa vimejaa. Mume wangu akatoa turubai la kufunikia pamba, akataka kulifunga ubavuni mwa kombi. Mama akanituma nimwambie kwamba hiyo itakuwa baraza ya nyumba ileile. Mume wangu akahamia chini ya mti, na baridi ya kule si ya mchezo. Wazungu walimtazama akijikunyata, kisha wakanitazama mimi.

Mchana tulitembea mjini. Mji mdogo, mzuri, umekaa bondeni kama maharage ndani ya bakuli, barabara inapanda na kushuka, sokoni kuna plamsi na peasi na masweta ya mitumba. Mume wangu alitangulia mbali, mama alifuata mbali, mimi katikati. Mume wangu akisimama kutazama majengo ya Wajerumani, mama naye alisimama na kugeukia ukuta. Muuza masweta aliniuliza kwa sauti ya huruma kama bibi huyu tumemuudhi. Mimi ni mwalimu. Darasani nilikuwa nasema maneno mengi juu ya mila zilizopitwa na wakati, na sasa nilikuwa nazitembeza barabarani mbele ya watu wenye kamera. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni mama alikula nyuma ya kombi, mume wangu akala mbele. Mama mmoja wa kizungu, mtu mwema kabisa, alimwona mzee amekaa peke yake chini karibu na tairi. Akaleta kiti cha kukunja, akamshika mkono mama yangu, akamzungusha mpaka mbele na kumketisha uso kwa uso na mkwewe. Mume wangu aliruka na sahani, wali ukamwagika, akatokomea nyuma ya mti. Mama alijifunika kanga kichwa kizima. Yule mzungu akabaki ameshika mgongo wa kiti, akinisubiri nieleze. Nilimwambia kwamba mama yangu amechoka kwa safari.

Asubuhi tulikwenda gengeni. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa udongo mwekundu unaoteleza. Mume wangu alikuwa mbele, mama nyuma yake, mimi nilibaki chini kidogo nikifunga kiatu. Niliposikia kishindo niliinua uso. Mama alikuwa ameanguka, ameketi kwenye tope, kanga imemvuka, na kila akijaribu kuinuka anateleza tena kuelekea ukingo wa njia. Mume wangu alikuwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Niliuona mkono ukinyooka, kisha ukarudi. Akamgeuzia mgongo, akaniita kwa sauti kubwa, mama watoto, njoo haraka.

Mzungu mmoja alinitangulia. Alimnyanyua mama kama unavyomnyanyua mtoto, akampangusa, kisha akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, ili nielewe, kwa nini mwanamume huyu amemwacha bibi chini. Wenzake walisimama wanasubiri jibu. Kiingereza cha kumweleza nilikuwa nacho. Nilisema mume wangu ana ugonjwa wa mkono.

Nyuso zao zikalegea. Mmoja alimwendea mume wangu, akampigapiga bega kumpa pole. Mume wangu alinitazama, akaelewa, akaukunja mkono wa kulia kifuani kama mtu aliyevunjika.

"Umewaambia nini?" mama aliuliza.

Nilimwambia. Alijitanda kanga yake yenye tope, taratibu, kila upande.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "mkono wa mume wako ni mzima. Nimeuona ukija, nimeuona ukirudi. Mwambie nimeshukuru."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimfikishia mume wangu shukrani zile, naye akaitikia kwa kichwa tu. Kisha nilimshika mama, tukapanda mpaka juu ya jabali. Chini hatukuona mji wa Mombo wala mashamba yake ya mkonge. Kulikuwa na mawingu, meupe, yametandazwa mpaka mwisho wa macho, na sisi tumesimama juu yake. Mama alitazama muda mrefu.

"Baba yako hakuwa mwongo," alisema.

Alisema hivyo bila kunitazama. Kisha akanituma nimwite mkwewe naye aje aone, yeye atageukia upande mwingine. Mume wangu akaja, akasimama ukingoni akiyatazama mawingu, mkono wake bado ameukunja kifuani, kwa sababu wazungu walikuwa hawajaondoka.