Nyama Waliyomshonea Romano

Siku ya tatu baada ya upasuaji, nilimkuta Romano mbele ya kioo cha bafuni kwangu, mkasi wa kucha mkononi, anakata nyuzi alizoshonwa na daktari.

Damu ilichuruzika hadi kidevuni.

"Afande, unafanya nini?"

"Natoa maiti ya mtu."

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Romano ni mume wa dada yangu Topista. Sajenti mstaafu, amepigana Somalia, sasa ananunua samaki Masese na kuwauza Jinja mjini.

Fizi zake za chini, mbele, zilikuwa zimelika mpaka mizizi ya meno ikabaki wazi. Akinywa maji baridi, machozi yanamtoka.

Daktari Hajara wa Mbale akamshonea kipande cha nyama pale palipolika. Mimi nakaa Nkoma, hapo hapo Mbale, basi akaja kuuguzwa kwangu, Topista naye.

Masharti yalikuwa wazi. Dawa ya maumivu anywe kabla ganzi haijaisha. Barafu shavuni. Uji uliopoa, matoke ya kupondwa. Alale kichwa kikiwa juu. Asinywe kwa mrija, asiteme mate, asivute mdomo kuchungulia.

Siku ya kwanza alifuata yote. Mwanajeshi, amri ni amri.

Halafu mimi nikajifanya mjuaji.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wengine hushonewa ngozi ya watu waliokufa, iliyosafishwa maabara. Nikamtania.

"Shemeji, huenda unakula uji na marehemu."

Hakucheka. Aliweka bakuli chini taratibu.

Tangu hapo hakumeza kitu. Hata mate yake mwenyewe aliyatema kwenye beseni, mpaka likajaa ute mwekundu unaonuka chuma na uji uliochacha. Topista alilimwaga akiwa ameziba pua.

Kila saa alivuta mdomo kuangalia. Kile kipande kilikuwa cheupe, kinateleza, kama tumbo la samaki wa jana. Alipoona paa la kinywa nalo lina kidonda kibichi, akasema maiti imeanza kumwozesha.

"Meza dawa," Topista akamsihi.

"Nimeze pamoja na hiyo kitu?"

Maumivu yakapanda mpaka sikioni. Ndipo akachukua mkasi.

Tulimpeleka kwa boda, kitambaa mdomoni. Daktari Hajara akasafisha, akashona upya nyuzi mbili, kisha akauliza imekuwaje. Nikamweleza huku natazama sakafu.

"Afande Romano," akasema, "nilikuambia siku ile, ila uliogopa, hukusikia. Hii nyama ni yako. Nimeikata hapo juu, kwenye paa la kinywa chako, ndiyo maana pana kidonda. Na siku za mwanzo lazima iwe nyeupe."

Romano akagusa paa la kinywa kwa ulimi.

"Tena fizi zako hazikuliwa na ugonjwa. Zimesuguliwa. Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?"

"Kumi. Siku ingine zaidi."

"Kwa nini?"

Romano akamtazama dada yangu.

"Bomu ilipiga gari ya wenzetu, mbele yetu. Mimi napiga kelele, mdomo wazi. Kitu ikaanguka kwa ulimi. Laini. Nikameza kabla sijajua."

Miaka tisa imepita tangu atoke vitani, na Topista alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Alimshika mkono.

Mimi nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta wa kliniki. Nilijichukia kuliko nilivyochukia lile beseni.

Kipande kilishika. Kufikia wiki ya sita kilikuwa na rangi ya fizi zingine. Sasa Romano anatumia mswaki laini, asubuhi na jioni, na akipitiliza Topista humwambia kutoka mlangoni, "Imetosha, baba Sofia."

Ukiuguza mtu aliyeshonwa fizi, mpe dawa kwa saa zake, mpe vyakula vilivyopoa, mzuie kutema. Na kama kuna jambo hulijui, nyamaza umuulize daktari.

Namba ya Daktari Hajara nilikuwa nayo. Sikuipiga.