Kichwa Changu Dirishani kwa Mama Mkwe

Nilirudi Kisumu na masanduku matatu, diploma moja, na kifua ambacho fundi wa nguo alikipima mara mbili akidhani utepe wake umekosea. Nilikuwa na miaka sitini na sita. Ng'ambo nilikwenda kama mfagiaji. Nikapewa kazi ya kupangusa jasho kwenye mashine za mazoezi, nikatazama, nikauliza, nikasoma jioni kwa mshahara wangu mwenyewe, mpaka nikatunukiwa diploma ya kufundisha wazee mazoezi ya nguvu. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Diploma yenyewe iko ukutani sebuleni kwangu. Nakala yake hukaa ndani ya gari, maana mtu hajui atakutana na nani Ahero.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba jambo la mama mkwe wangu lilipotokea, mtaalamu alikuwepo.

Mama mkwe ni mjane wa miaka themanini na miwili, na boma lake haliko mbali na Katito. Mdomo wake ulikuwa na nguvu zote. Miguu ndiyo iliyokuwa imegoma. Akishakaa kwenye kochi, hainuki mpaka avutwe. Kanisani watu wakisimama kuimba, yeye aliimba amekaa, kwa sauti ya mtu anayelalamika. Mwanawe wa kwanza, anayeishi Nairobi ghorofa ya tano, akasema yatosha, atamchukua akae naye. Mama akasema haendi popote. Mume wake amezikwa pale uani, na kuku wake hawajawahi kupanda ngazi.

Walibishana siku nzima, kisha mwana akaweka sharti.

"Agosti nitakuja na pikapu. Ukitoka ndani mwenyewe ukanifungulia geti, utabaki. Usipotoka, nakupakia wewe na godoro."

Ilikuwa Aprili. Mke wangu alinigeukia mbele ya ndugu zake wote.

"Wewe si una karatasi?"

Kwetu watu huamini kwamba mzee apumzike. Mjukuu amletee maji, mkwe amletee kiti, mwisho mzee hana kazi ila kuamkuliwa. Huko kupumzika ndiko kunakomwangusha. Misuli isiyopewa kazi hujiondokea kimyakimya, lakini ukiipa mzigo kidogo kidogo inarudi, hata kwa mtu wa miaka themanini. Mguu wenye nguvu ndio unaomtoa mzee kitini, ndio unaomshika asianguke anapojikwaa kwa kuku, ndio unaompeleka chooni bila kuita mtu. Nimewaona ng'ambo wazee walioingia wakisukumwa na kiti cha magurudumu wakatoka wakikisukuma wenyewe.

Tatizo halikuwa elimu. Tatizo lilikuwa mila. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai karibu naye, hali naye meza moja. Wazungu wangu niliwashika kiuno nikawaonyesha jinsi ya kushuka na kupanda. Huyu sikuweza kumshika hata kidole. Isitoshe, zoezi la kuinuka kitini linahusu mapaja na makalio, na hakuna mkwe mwenye adabu anayeyataja hayo mbele ya mama mkwe.

Kwa hiyo yeye alikaa ndani kwenye kochi, mimi nikasimama nje dirishani, na mke wangu akakaa mlangoni kupitisha maneno.

"Mwambie mama asogeze mbele ile sehemu."

"Sehemu gani?"

"Ile inayojuana na kochi."

"Mama, anasema matako."

Nilitazama juu ya paa kwa muda.

Kuonyesha kwa vitendo nako kulikuwa na adabu yake. Nisingeweza kuchuchumaa mbele ya mama mkwe, wala kumpa mgongo nikichuchumaa. Nikabaki nyuma ya ukuta, nikishuka na kupanda, naye akiona kichwa tu kikizama na kuibuka dirishani.

"Ora," aliniita, kama mama mkwe anavyomwita mkwe wake, "unakunywa maji huko chini kama jogoo?"

Nilimwambia ainuke mara kumi. Akasema kumi ni ya nini, yeye hainuki kwa ajili ya namba. Alizaa watoto wanane, basi angeinuka mara moja kwa kila mtoto. Wiki ya kwanza aliishia kwa mtoto wa pili, akiwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Huyu ndiye aliyenitesa hata kuzaliwa," alisema, akarudi kochini kwa kishindo. Mwezi wa Mei alimaliza wote wanane. Juni akaingia kwa wajukuu, na mkono mmoja ukaachia meza. Julai nikaongeza mzigo, vidumu viwili vya mafuta ya kupikia nilivyojaza mchanga wa ziwani, na akaviinua huku akiwataja wajukuu waliomsahau Krismasi. Hao aliwainukia kwa nguvu zaidi.

Sijisifu. Nasema tu kwamba mpango ule niliuandika mimi.

Jumapili ile ya Agosti, siku ya pikapu, nilifika asubuhi kwa zoezi la mwisho. Mke wangu alikuwa amekwenda Katito kununua samaki wa kumpikia kaka yake. Mama mkwe alikuwa kochini, amevaa nguo yake ya kanisani, na nikaona kwamba ana wasiwasi, kwa sababu alianza kunishambulia.

"Ora, kuna jambo nimekuwa nikiliwaza. Miezi minne naona kichwa tu. Nitajuaje kama huko nyuma hukai kwenye kigoda?"

"Mama, mimi nina diploma."

"Kichwa ni chepesi. Hata mimi kichwa nakiinua."

Mtu aliyejijenga mwenyewe hawezi kuachia neno kama hilo. Barazani palikuwa na nusu gunia la mahindi. Nikajitwika mabegani ili alione vizuri dirishani, nikashuka. Kushuka kulikuwa kuzuri sana, kushuka kwa mtu aliyesoma. Wakati wa kupanda, kitu kiunoni kikasema *tek*, nikabaki kule kule chini.

"Ora?"

"Mama, napumua."

"Kichwa kiko wapi?"

Nilisikia kochi likilia, kisha hatua za kandambili zikavuka sebule. Hakuna aliyemvuta, na hakutaja mtoto wala mjukuu. Alitokea mlangoni, akanitazama nilivyopiga magoti na kuegemea mikono, gunia likiwa mgongoni kama mtoto aliyebebwa.

Mkono hangeweza kunipa. Alizunguka nyuma ya nyumba akarudi na mchi wa kinu, akashika ncha moja na kunisogezea nyingine. Akapanua miguu kwa upana wa mabega, akanyoosha mgongo, sawasawa nilivyomfundisha.

"Toa pumzi ukipanda," akaniambia.

Alivuta. Gunia likaanguka, nami nikapanda hadi nusu. Hapo hapo honi ikalia getini. Aliachia mchi bila kuniaga, nikarudi chini, naye akavuka uwanja kati ya kuku wake, akainua komeo, akalisukuma geti mpaka mwisho.

Mwanawe alibaki ameshika usukani.

"Mama, nani amekuinua?"

"Uliza nani nimemwinua."

Ndipo akaniona.

"Shemeji, umepoteza kitu hapo chini?"

"Nilikuwa nafundisha," nilimwambia, na huo ndio ukweli wenyewe.

Pikapu lilikuwa limekuja na godoro na kamba kwa ajili ya kumbeba mtu, basi likambeba mtu. Nililazwa kifudifudi, mke wangu, aliyekuwa amesharudi kutoka Katito, akakaa kando yangu na samaki wake, tukaondoka kwenda Kisumu kutafuta daktari. Mama mkwe ndiye aliyefunga geti.

"Asipelekwe Nairobi," alimwambia mwanawe. "Ghorofa ya tano hataiweza."

Daktari alisema nipumzike wiki mbili. Ya tatu mama mkwe alipiga simu kwa mke wangu akauliza kama nimeanza kuinuka kitini. Mke wangu akamwambia bado naogopa.

"Mwambie asihesabu kumi. Aanze na watoto wake."

Tunao watatu. Jana nilifika kwa kitinda mimba.