Siku Niliyoosha Injini ya Baba

Baba hakuniomba niioshe injini. Aliniomba niiwashe.

Nilifika Kilosa asubuhi kwa treni ya umeme, nikamkuta amelazwa sebuleni, miguu imevimba, pumzi zinakuja kwa mafungu. Nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu. "Umekuja na vitabu au umekuja na mikono?"

"Na vyote, baba."

"Basi iwashe, niisikie."

Alimaanisha gari lake: jekundu, viti viwili, gari la michezo ambalo meneja wa shamba la mkonge alimwachia fundi wake siku alipofungasha kurudi kwao. Fundi huyo ndiye baba. Lilikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya dirisha la sebule. Kila Ijumaa baada ya swala aliliwasha, akalisikiliza, akalizima. Halikwenda popote, barabara zetu na tumbo lake la chini havikuwahi kupatana. Tangu augue, mdogo wangu ndiye aliyeliwasha badala yake.

Nikafungua boneti. Grisi na vumbi la miaka vilikuwa vimegandana juu ya injini kama ukoko. Sasa, mimi nimesoma chuo kikuu, na mtu wa namna yangu hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha kifanye kazi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba uchafu ule unaweza kushika moto. Nikamwambia baba avumilie kidogo, niisafishe kwanza.

"Msomi," mdogo wangu akasema, "Ijumaa iliyopita iliwaka mara moja. Mzee hajasema inanuka."

Sikumsikiliza. Nikapanda basi hadi Mikumi, kwenye maduka ya spea za malori, kutafuta dawa ya kuondolea grisi niliyoiona mtandaoni. Mama mwenye duka alinivumilia mpaka mwisho wa mhadhara wangu.

"Kaka yangu, hiyo sina. Hapa watu wanachukua dizeli, brashi na sabuni ya unga. Kwani gari lenyewe linaumwa nini?"

"Haliumwi."

"Haya," akasema, akanifungia brashi.

Siku ikaishia njiani.

Kesho yake nikachomoa nyaya za betri, nikafunika distributa kwa nailoni ili umeme wake usilowe, nikaanza kupaka dizeli na kusugua. Nakiri nilifurahi. Chini ya ule weusi kulitokea chuma cheupe, kisha namba zilizochongwa ambazo huenda baba mwenyewe alikuwa amezisahau. Uchafu mwingi ulijificha nyuma ya kabureta mbili, kwa hiyo nikazifungua, nikapanga skrubu zake juu ya mkeka kwa mpangilio ambao ungemridhisha mkutubi yeyote.

"Bado?" baba akauliza kutoka dirishani.

"Bado kidogo, baba."

"Kidogo chako kirefu."

Adhuhuri akauliza tena, nami nikajibu vilevile. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba injini iliyokuwa nzima jana sasa imelala vipande vipande mkekani. Nikaona haya. Nikaongeza kasi ya kusugua.

Alasiri hakuuliza. Mdogo wangu alitoka, akasimama mlangoni pa kibanda. Hakuniita msomi.

"Kaka," akasema. "Njoo ndani."

Asubuhi iliyofuata tulimwosha, sisi wanawe, tukiongozwa na mzee mmoja wa msikitini. Mzee yule aliitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeisugua kwa ndimu na mchanga, lakini weusi ulikuwa umeingia kwenye kucha na katika mistari ya viganja.

"Wewe mimina maji," akaniambia kwa upole.

Nikamimina. Mdogo wangu ndiye aliyemgusa.

Baada ya wiki mbili mdogo wangu alirudisha kabureta mahali pake, bila kitabu. Sijawahi kuona injini safi kama ile. Ungeweza kulia ubwabwa juu yake. Alipoiwasha ikashika palepale, ikanguruma kibanda kizima, mabati yakatetemeka. Tukasimama kando kando, tukisikiliza.

Mama, aliyekuwa ndani kwenye eda, akagonga dirisha.

"Sasa mnamwashia nani?"

Mdogo wangu akanitazama, mimi mkubwa, nijibu. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo, nikazima.