Moshi Katika Paa la Bibi

Juzi, nyumbani kwa mwanangu huko Brampton, ughaibuni, mjukuu wangu alinionyesha picha ya nyumba ya kale ya Uingereza yenye paa la nyasi nene.

"Babu, watu waliishi humo kweli?"

Nikakumbuka alasiri moja utotoni, nilipoona moshi wenye harufu ya kuni ukipenya paa la nyasi la bibi yangu mzaa baba. Nilidhani nyumba inaungua, nikamwagia maji moto wa mekoni. Bibi alicheka.

"Mume wangu, umezima dawa ya paa! Moshi ndio unaofukuza wadudu."

Sikumwelewa. Nilipoanza kazi nilimwezekea mabati, nikajivuna. Tangu hapo, mvua ikinyesha, kelele za mabati zilimeza hadithi alizozoea kunisimulia, akaacha kusimulia.

"Waliishi," nilimjibu mjukuu wangu. "Na mvua ikinyesha, walisikizana."