Usingoje Akuombe Umpokee

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ndevu zangu ndiyo kwanza zinaanza. Tulimbeba mama mjamzito kutoka milimani kwetu kwenda hospitali ya Kibondo. Sisi Waha tulikuwa na ingobyi, machela ya kusukwa kama kikapu kirefu. Wanne wanabeba mabegani, wengine wanafuata nyuma. Mimi nilikuwa nyuma, natafuna muwa. Baba yangu mdogo alikuwa amebeba tangu mtoni, magoti yanatetemeka, na bado anaimba. Mzee aliyetuongoza akanigeukia.

"Wewe, huoni magoti ya baba yako?"

"Hajasema amechoka."

"Atasemaje, na mgonjwa anamsikia? Tupa muwa, ingiza bega."

Mama alijifungua salama. Mtoto mwenyewe siku hizi anauza maharage Kasulu, mbishi sana, lakini hiyo si habari yetu.

Habari yetu ni ya mwaka elfu mbili kumi na tano, Warundi walipomiminika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye ofisi moja iliyowahudumia. Mkalimani wetu alikuwa Zabloni, kijana wa Muyama, Muha kama mimi. Kiha na Kirundi ni ndugu, basi kazi akaipata. Mkimbizi anasimulia, Zabloni anamwambia afisa kwa Kiswahili. Na kanuni yao ilikuwa hivi: asiseme "huyu mama anasema," aseme "mimi." Kutwa nzima namsikia dirishani: "Mimi nilimwacha mume wangu mtoni. Mimi sijui mwanangu yuko wapi."

Mkuu wa ofisi, dada wa Iringa, mtu mwema kabisa, alikuwa akimpigapiga begani. "Zabloni, wewe ni chuma." Naye anacheka.

Siku moja kwenye chai mpishi akamtania, "Shemeji, mkeo hajambo? Au kashaondoka na muuza mihogo?"

Zabloni akajibu taratibu, "Mke wangu alibaki ng'ambo ya mto."

Tukacheka. Mkewe tulimjua, yuko Muyama analima, mzima wa afya. Kisha tukaona mwenyewe hacheki, chai inapoa mkononi.

Nikamfuata mkuu. "Mama, huyu kijana apumzike."

"Nimeona, babu. Ila watu wamejaa nje. Akisema amechoka, nitampumzisha."

Jibu lile nililijua, maana nami niliwahi kulitoa nikiwa na muwa mdomoni. Nikarudi getini kwangu.

Neno langu nilitoe sasa, kabla sijafika mwisho. Mwanangu, ukiwa mkuu wa watu, usingoje mtu aseme amechoka. Wanaosikiliza vilio vya wenzao wawekee zamu, wapate na wao mtu wa kuwasikiliza, tena wangali wamesimama. Mtu akirudi kutoka mapumzikoni, asitokee wa kumcheka. Mungu akupe macho ya kuyaona magoti ya mwenzako, na ya kwako yakitetemeka akuletee wa kukupokea.

Basi asubuhi moja, foleni bado ndefu, Zabloni akatoka. Akavua kitambulisho shingoni, akakitundika kwenye msumari wa koti langu.

"Mjukuu wangu, wapi tena?"

"Nanyoosha miguu kidogo, babu."

Nikamfungulia geti. Hakushika njia ya kwao. Alitembea polepole, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike, mpaka kona ikamficha. Mkewe alikuja kumuulizia, akaja tena, akaacha kuja. Zabloni hajarudi.