Redio Iliyofunikwa Kanga

Marehemu Saleha alikuwa na tabia moja iliyomtia mumewe haya mbele za watu. Kila jioni, mtangazaji wa redio akisema, "Hamjambo wasikilizaji," Saleha hujibu kutoka ndani, kwa sauti ya kufika barazani: "Hatujambo, mwanangu, sijui wewe!" Wanaume waliokaa barazani huangua kicheko. Mzee Sadalla hukunja uso.

"Mke wangu, yule yuko Dar es Salaam. Hakusikii."

"Asisikie. Mie nimesalimiwa, nimejibu."

Ukitaka kujua Sadalla alikuwa mtu gani, anzia hapo. Alikuwa mtu wa kuona haya. Miaka yote alisimamia ukaushaji wa nazi za mbata katika ghala moja hapa Pangani, na hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Alipoacha kazi alinunua redio, ya kwanza mtaani kwetu: sanduku la mbao, betri nzito ya kubebwa kwa mikono miwili, na waya uliopandishwa juu ya mnazi wa uani. Tangu siku hiyo baraza yake haikukosa watu. Taarifa ya habari ilisikilizwa, ikabishiwa, kahawa ikanyweka. Mwenyewe hakusema mengi. Alimimina kahawa tu, na uso wake ulionyesha kwamba amefurahi. Mungu hakuwajalia mtoto yeye na Saleha, na nadhani kelele zile zilimtosha.

Saleha alifariki baada ya Idi, kwa homa iliyomchukua upesi. Wanawake walipokuwa wakiandaa msiba, mmoja alichukua kanga ya marehemu akaifunika redio, maana mtaani kwetu nyumba yenye matanga haipigi redio. Hitima ikasomwa. Arobaini ikapita.

Sasa, mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, na kila mtu anajua itakwisha lini. Mwanamume hana eda. Siku ya sisi kurudi barazani kwake na kicheko chetu ataisema nani? Hakuna aliyeuliza. Mtaa mzima ukawa unaitazama ile kanga kupitia dirishani. Ikiondolewa, tutajua.

Na Sadalla aliiondoa. Alasiri moja baada ya arobaini alifunga dirisha, akaivuta kanga, akazungusha kitufe. Kimya. Akafungua mgongo wa sanduku, akakuta betri imevuja, maji yake makali yamekula nyaya, na kutu imeenea kila mahali. Aliona aibu, kana kwamba ameharibu amana ya watu. Akairudisha kanga kama ilivyokuwa, akafungua dirisha.

Basi sisi tukapita. "Shikamoo, Mzee Sadalla." "Marahaba." Tukaenda kukaa kwa Shekhe, mshona viatu, ambako hakuna redio wala kahawa ya maana. Sadalla alituona. Kila alasiri aliteleka birika lile lile kubwa, akapanga vikombe, akangoja; jua likizama alimwaga kahawa mchangani, akaosha vikombe ambavyo havikunywewa. Akajiambia, "Kumbe walikuwa wageni wa sanduku." Maneno hayo yalimkaa kifuani. Fundi wa redio alikuwepo Tanga, safari ya basi tu, lakini aende kufanya nini? Akiitengeneza watajaa tena, naye atajua kwa hakika kwamba hawakumjia yeye.

Hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akijipa. Ilikuwapo nyingine, na hiyo hakuisema.

Mboni, mke wa jirani, ndiye aliyevunja kimya hicho. Mboni ni Mbondei, na maneno hayamkai mdomoni. Alileta sahani ya vitumbua, akaiweka mkekani, akashika kiuno.

"Shemeji, matanga wayaondoa lini?"

"Matanga gani? Yaliisha zamani!"

"Yaliisha? Na ile redio mbona ingali imefunikwa? Watu wakuonea imani, washindwa kuja kucheka mlangoni kwako. Kule kwa Shekhe kila siku wauliza, Mzee Sadalla bado tu?"

"Redio mbovu, Mboni," Sadalla alisema. "Imekufa."

"Lo! Si ungesema!" Mboni alicheka, kisha akaona machozi ya mzee, akaacha. "Si ukaitengeneze, shemeji?"

"Naogopa."

"Waogopa nini?"

"Itasalimu," Sadalla alisema. "Itasalimu humu ndani, na hapana wa kuijibu."

Mboni alikaa mkekani. Akachukua kitumbua kimoja cha sahani aliyoileta mwenyewe akakila, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Sadalla alifikiri siku kadhaa, kisha akalifunga sanduku kwa ile kanga na kupanda basi. Lilimrusha njia nzima, kupitia Tongoni mpaka mjini Tanga, naye ameipakata redio. Fundi Laurenti, aliyejifunza mambo ya nyaya jeshini wakati wa vita, alitazama ndani akatikisa kichwa.

"Mzee, hii imechoka. Bora ununue nyingine."

"Nyingine siitaki. Itasema au haitasema?"

"Itasema."

Jioni aliyorudi alifungua dirisha, akaweka redio mahali pake, wazi, na kanga ameikunja chini yake. Habari zilimfikia Shekhe kabla kahawa haijachemka. Tulikuja wote, tukatoa pole ambazo zilikuwa zimechelewa, tukakaa kila mtu mahali pake pa zamani. Redio ikakoroma, ikasafisha koo.

"Hamjambo wasikilizaji."

Hakuna aliyepanga, lakini wote tuligeuza nyuso kuelekea mlango wa ndani. Mazoea hayo. Pazia lilitulia. Shekhe aliinamisha kichwa, na mimi nikatamani mtangazaji aendelee upesi, lakini hata yeye alionekana kungoja.

Sadalla aliweka birika chini. Mtu yule wa kuona haya, ambaye hakupata kupaza sauti ghalani wala nyumbani, alipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama.

"Hatujambo, mwanangu," alisema. "Yule aliyekuwa akikujibu hayupo."

Mtangazaji akaanza habari za bei ya mkonge. Sadalla alichukua birika, akatumiminia kahawa mmoja mmoja. Alipomaliza alikuta amejaza kikombe kimoja zaidi, akakipeleka ndani.